Nyayo za Kadi ya Kupiga Nje

Hoteli ya Serena pale Shangani, Unguja, haikuanza kama hoteli. Wenyeji wazee bado wanaliita jengo hilo Extelecoms, nyumba ya simu za nje. Mwaka 1879 mkongo wa telegrafu uliiunganisha Zanzibar na Aden upande wa kaskazini, na Durban upande wa kusini. Telegramu zilitozwa kwa neno, kwa hiyo watu walijifunza kubana maneno. Nashuku kubipu kwetu kulianzia hapo.

Kituo cha pili cha nyayo hizi ni mtaa wa Samora, Dar es Salaam, kwenye Extelecoms nyingine. Enzi za opereta, kumpigia ndugu aliye Ulaya ilikuwa safari: unaandikisha namba, unasubiri opereta akuite, unaingia kibandani, unapayuka ili usikike, huku jicho liko kwenye saa ya ukutani.

Kadi ya kulipia kabla ilizaliwa mbali na huku. Italia iliitumia katika simu za umma mwaka 1976, wakati sarafu zilikuwa adimu nchini humo. Lakini kadi iliyotajirisha watu ni ile iliyokuja baadaye, isiyohitaji mashine ya kuisoma: unakwangua, unapiga namba ya bure, unaingiza tarakimu za siri, sauti inakutajia dakika ulizonazo, halafu ndipo unapiga 255, namba ya Tanzania. Kufikia miaka ya 1990, maduka ya mitaa ya wahamiaji London na New York yalikuwa yamejaa mabango ya majina ya nchi, kila moja na dakika zake.

Faida ilitoka wapi? Si kwenye karatasi. Simu iliyotoka Marekani kuja Tanzania ililipiwa mara mbili: mteja aliilipa kampuni ya kwao, na kampuni hiyo ikailipa ya huku kwa kila dakika, kwa bei ambayo makampuni yalikubaliana wenyewe kwa wenyewe. Bei hiyo ilikuwa juu mno kuliko gharama ya kuifikisha simu, na nchi maskini ziliitegemea kwa fedha za kigeni. Muuza kadi alichuma katikati ya bei hizo mbili. Alinunua dakika kwa jumla popote njia ilipokuwa rahisi, hata kama simu ingezungukia nchi ya tatu, na baadaye kupitia intaneti. Mwaka 1997 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliweka kikomo cha malipo hayo: kwa nchi za kipato cha chini, senti 23 kwa dakika. Baada ya hapo malipo hayo yakawa yanashuka.

Palikuwa na utamu mwingine, na huu ndio nausifu na kuulaani kwa pamoja. Pesa ililipwa kabla ya neno la kwanza kusemwa. Dakika zilizosahauliwa kwenye droo zilibaki kwa muuzaji. Wauzaji wengine hawakuridhika: waliongeza ada ya kuunganisha, ada ya wiki, na kuhesabu sekunde chache kuwa dakika nzima. Mwaka 2008 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliwapeleka mahakamani wauzaji kwa madai kwamba kadi zao zilitoa dakika pungufu kuliko zilizotangazwa. Aliyepunjwa alikuwa mtu aliyemaliza zamu ya usiku akitaka kumjulia hali mama.

Skype ilikwisha kuingia tangu 2003. Mwaka 2009 mkongo wa intaneti wa SEACOM ukafika Dar es Salaam na Mombasa, na simu za WhatsApp zikamalizia kazi ya kuizika kadi.

Ufundi wa kadi, hata hivyo, ulikuwa umeshahamia kwetu. Tarakimu chini ya utando wa kukwangua, pesa mbele, na mtandao wa wauzaji wadogo waliolipwa kamisheni: ndiyo vocha ya simu ya mkononi. Vibanda vya wauzaji hao ndivyo M-Pesa ilivyovikuta ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata. Muuza vocha akaitwa wakala. Pale kwenye kona ya mtaani kwetu, bango la uwakala limebandikwa juu ya lile la vocha, na pembeni rangi ya kwanza bado inachungulia.