Barua Iliyomtia Mhariri Kizuizini

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, nanyi wanafunzi mliopo shuleni,

Mto Simiyu humwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Ng'ambo ya ziwa hilo, mjini Kampala, alizaliwa Rajat Neogy mwaka 1938, mtoto wa wazazi wa Kihindi. Mwaka 1961 alianzisha jarida la Kiingereza lililoitwa Transition. Mimi nililifahamu nikiwa Chuo Kikuu, maana ndimo Profesa Ali Mazrui alimochapisha, mwaka 1967, makala yake "Tanzaphilia", juu ya wasomi wa nje waliovutiwa mno na Tanzania. Mwaka uliotangulia Mazrui alikuwa amemkosoa Nkrumah humo humo. Waliochukizwa waliandika kujibu, nao wakachapishwa.

Mwaka 1968 Neogy alichapisha barua ya Abu Mayanja, mwanasheria na Mbunge. Barua ililalamikia kucheleweshwa kwa uteuzi wa majaji Waafrika katika Mahakama Kuu, ikataja uvumi kwamba sababu ni ukabila. Serikali ya Rais Milton Obote iliwakamata wote wawili. Mwaka 1969 mahakama iliwaona hawana hatia ya uchochezi, lakini hawakuachiwa, walirudishwa kizuizini. Neogy alitoka mwezi Machi mwaka huo, kisha akaihama Uganda. Mwaka 1971 alilifufua jarida lake mjini Accra, Ghana. Alifariki San Francisco, Marekani, mwaka 1995.

Hapana budi kusema na hili. Ilikuja kubainika kwamba sehemu ya fedha za jarida hilo ilitoka kwa shirika la ujasusi la Marekani, CIA, kwa kupitia chama cha Congress for Cultural Freedom. Neogy alisema hakujua. Aibu hiyo ilimwumiza, lakini haikumfanya aogope kuichapisha barua ya Mayanja.

Nami nilipata kuwa mhariri wa gazeti letu la ukutani. Siku moja niliichana barua ya mwenzetu aliyewakosoa viranja. Hakuna aliyenitisha, nilikuwa kiranja mwenyewe. Leo ni mtumishi wa Serikali, na malalamiko ya wananchi hufika mezani pangu. Kila nishikapo barua kali, naikumbuka ile niliyoichana.

Wanafunzi mnaolishika gazeti hilo sasa, barua msiyoipenda ibandikeni. Kisha kando yake bandikeni jibu lenu.