Uraia wa nchi mbili: Tarehe inayowatenganisha Wakenya walio ng'ambo

VIZA na kibali cha ukaazi wa kudumu ng'ambo havimwondolei mtu uraia wa Kenya. Swali huzuka anapokula kiapo cha uraia wa nchi nyingine, na jibu hutegemea tarehe.

Katiba ya zamani haikuruhusu uraia wa nchi mbili. Mtu mzima aliyechukua uraia wa kwingine kwa hiari, kwa kawaida alipoteza wa Kenya.

Katiba mpya, iliyoanza kutumika Agosti 27, 2010, iliondoa marufuku hayo. Mkenya wa kuzaliwa anayechukua uraia wa pili sasa hubaki Mkenya, ila sheria ya 2011 inamtaka aufichue kwa serikali katika muda wa miezi mitatu. Asipofanya hivyo, anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh5 milioni, kufungwa hadi miaka mitatu, au yote mawili.

Aliyepoteza uraia kabla ya siku hiyo hakurejeshewa moja kwa moja. Kifungu cha 14 kinampa haki ya kuupata tena, lakini sharti atume maombi. Asipoomba, angali mgeni, na Kifungu cha 65 kinamruhusu mgeni kumiliki ardhi kwa ukodishaji usiozidi miaka 99 pekee. Mwenye shamba la urithi, basi, hana sababu ya kuchelewa.