Kivumishi kilichowafaa walaji wa New York

Kuna istilahi moja ya siasa za Marekani ambayo imenisumbua kuitafsiri. Mwenyewe ni George Washington Plunkitt, mmoja wa vigogo wa Tammany Hall, jumuiya iliyokidhibiti chama cha Democratic jijini New York. Mwaka 1905, mwanahabari William Riordon alichapisha kitabu cha gumzo la Plunkitt, ambaye alizoea kuzungumza na watu kwenye kiti cha mng'arisha viatu katika jengo la mahakama.

Plunkitt anatenga ulaji wa aina mbili. Ule haramu ni kuwakamua wacheza kamari na wenye mabaa. Ule wa pili anajivunia. Chama chake kinatawala jiji, anadokezewa kwamba bustani ya umma itajengwa mahali fulani, anakimbia kununua ardhi ambayo hakuna anayeithamini. Jiji likiihitaji, anaiuza kwa bei ya juu. Eti hapo nani kaibiwa?

Kaibiwa aliyeuza ardhi bila kujua, na mlipa kodi aliyegharamia tofauti ya bei. Plunkitt hawataji.

Nimeamua kuuita "ulaji halali," japo kwa shingo upande. "Hongo" haifai maana hakuna aliyempa kitu. Sisi tunaposema "chai" au "kitu kidogo," tunaificha nomino yenyewe. Plunkitt aliiacha nomino wazi, akaipachika kivumishi cha kuikinga. Ujasiri ulioje! Lincoln Steffens alipochapisha kitabu chake kuhusu aibu ya miji mwaka 1904, Plunkitt alimlaumu kwa kuchanganya aina hizo mbili za ulaji.

Mbona wapigakura walimvumilia? Moto ukizuka mtaani mwake, anasema, alifika mapema, akawanunulia waathiriwa nguo na kuwatafutia makao, bila kuuliza wao ni wa chama gani. Mashirika ya hisani, kwa maelezo yake, yangechunguza kwanza kama wanastahili, hata mwezi mzima. Hapo namwelewa mtu aliyempigia kura huku nguo zake zikinuka moshi.

Mwaka huohuo wa 1905, Plunkitt alipoteza uongozi wa eneo lake. Aliyemng'oa hakuwa mwanamageuzi, bali Thomas McManus, mwana Tammany mwenzake.