Mavuno ya Chipu

Katika viwanda vya chipu za kompyuta, neno linalotawala bei Kiingereza kimelitoa shambani: yield. Ukilifasiri "uzalishaji" umepotea njia, maana uzalishaji huhesabu vyote vilivyotoka kiwandani, vizima na vibovu. Yield huuliza vizima ni vingapi.

Chipu hazitengenezwi mojamoja. Huchorwa kwa mamia juu ya sahani nyembamba ya silikoni, aghalabu yenye kipenyo cha milimita 300, kisha hukatwa. Chembe ya vumbi ikitua pabaya kwenye chipu, chipu hiyo imekufa. Lakini gharama ya kuiandaa sahani haipungui. Mwenye trekta naye hudai ujira wake hata mahindi yakiliwa na ngedere. Kila chipu nzima inazilipia zilizokufa.

Kwa hiyo napendekeza "mavuno", kwa sharti moja: tuyahesabu baada ya kupepeta. Kiwango cha mavuno ni idadi ya chipu nzima katika kila mia zilizochorwa.

Tuseme sahani ina chipu kubwa 100, na kasoro 20 zimeangukia chipu 20. Zimebaki 80. Sasa igawe kila chipu mara nne: zitakuwa 400, kasoro ni zilezile 20, na nzima ni 380. Mavuno yamepanda kutoka asilimia 80 hadi 95, sahani ikiwa ileile.

Kwa hesabu ya namna hiyo kampuni ya prosesa AMD iliikabili mshindani wake Intel mwaka 2017. Prosesa yake ya seva, EPYC ya viini (cores) 32, haikuwa chipu moja kubwa bali nne za viini vinane zilizounganishwa. Chipu ya muundo huohuo ilikuwa ndani ya Ryzen 7 1800X, iliyoingia sokoni kwa dola 499, wakati Core i7-6900K ya Intel, nayo ya viini vinane, bei yake rasmi ilikuwa dola 1,089.

Kisha kuna chenga. Mchele uliovunjika hautupwi. Huuzwa kwa bei ya chini. Mwaka 2008 AMD iliuza Phenom X3, prosesa ya viini vitatu. Ilikuwa chipu ya viini vinne, kimoja kimezimwa, mara nyingi kwa kuwa kilikuwa kibovu. Mwenye kujua kuuza chenga anaweza kushusha bei bila kula hasara.

"Uzalishaji" usingetupa neno la chipu hizo. "Mavuno" yamekuja nalo kutoka shambani.