Mitumbwi Midogo Itawekwa Wapi?

Kwetu Fizi na Baraka, mtoto wa ziwa anachonga mtumbwi kabla hajashika kasia. Anaweka taa na wavu mdogo, kama wa wavuvi wa ndagala. Wengine wanakunja waya kuwa malori, magurudumu ni kambambili zilizochakaa.

Zamani wazee wetu Wabembe walichonga sanamu za mababu, na vinyago vya chama cha Alunga vyenye nyuso mbili. Vingi vilibebwa Ulaya, hata Tervuren kule Ubelgiji. Mara nyingi waliandika kabila tu. Jina la fundi, hapana.

Vita vya 1996 na 1998 vikatuvusha Tanganyika, wengi mpaka kambi ya Nyarugusu. Tangu 2005 wengine tukarudi kwa meli, tukashuka Baraka. Mikono ilikuwa haijasahau.

Lakini kazi hii tuiuze wapi? Sokoni watu wanatafuta unga na ndagala. Fundi anangoja mgeni apite, naye anatoa bei anayotaka. Makumbusho ya taifa yalifunguliwa 2019, ila Kinshasa ni mbali.

Basi tuanze na kidogo: chumba kimoja shuleni, meza moja siku ya soko. Na chini ya kila mtumbwi tuandike jina la fundi na kijiji chake. Hasara ya wazee wetu tusiirudie sisi wenyewe.