Mchezo wa njama, na siku watu walisahau kama ni mchezo

Wandugu, kuko aina moja ya mchezo wanaita jeu de rôle. Watu wane ao watano wanakaa kwenye meza na karatasi, kalamu na dadu. Moja wao ni msimulizi: anaeleza fasi mulipo na mambo inayotokea. Wengine, kila mtu anajifanya mtu fulani na kusema atafanya nini. Dadu ndiyo inakata kama atafaulu. Dungeons & Dragons, ule wa kwanza kuuzwa, ulitoka Marekani mwaka 1974. Ule ni mchezo wa mapanga na majoka. Mimi leo sitaongea majoka. Nataka tuone namna gani ndoto na njama ziliingia kwenye ile meza, ju historia hii inatufundisha kitu juu ya uvumi.

Tuanze na ndoto. Mwaka 1924, kule Paris, André Breton aliandika manifesto ya surealisme: akili isitawale peke yake, ndoto nayo ipewe neno. Yeye na rafiki zake walipenda michezo. Walikuwa wanakunja karatasi, kila mtu anaandika neno bila kuona ya mwenzake, kisha wanakunjua na kusoma sentensi ambayo hakuna mtu hata moja aliyeitunga. Vita ilipofika, kati ya 1940 na 1941, walikwama Marseille wakingoja viza ya kukimbia. Pale wakachora karata zao wenyewe. Mfalme, malkia na askari wakawatosha. Fasi yao wakaweka mtu wa kipaji, sirene na mjuzi wa siri. Alama za karata zikakuwa moto wa mapenzi, nyota ya ndoto, gurudumu ya mapinduzi na kufuli ya maarifa. Watu wanakimbia vita, na bado wanacheza. Kwangu, ule si upuuzi.

Njama zilipita njia ingine. Robert Shea na Robert Anton Wilson walikuwa wanafanya kazi kwenye gazeti moja la Chicago, na barua za wasomaji zilijaa siri za ajabu: fulani anatawala dunia, fulani alimuua rais. Wakajiuliza: na kama yote ni kweli kwa wakati moja? Kutokea pale wakaandika Illuminatus!, vitabu 3 vya mwaka 1975, vya kuchekesha kabisa. Mwaka 1982, Steve Jackson wa Austin, Texas, akatoa mchezo wa karata unaoitwa Illuminati: kila mchezaji ni chama cha siri kinachotaka kushika vingine.

Mito ile miwili ikakutana mwaka 1992, wakati Jonathan Tweet, akisaidiwa na Robin Laws, alitoa Over the Edge. Mambo yanapita kwenye kisiwa cha kutunga, Al Amarja, katika bahari ya Mediterania. Tweet alichota mengi kwa mwandishi William Burroughs. Sheria ni kidogo sana: unaandika mtu wako kwa maneno, sifa moja kubwa, mbili ndogo na kasoro moja. Kisiwani kila mtu ana siri, njama zinapitana kama mizizi, na ajabu nyingi hazina maelezo. Wachezaji wenyewe ndio wanatafuta maana.

Kumbe shida ilikuwa inje ya meza. Tarehe 1 mwezi wa 3, 1990, watu wa Secret Service waliingia katika kampuni ya Steve Jackson. Walikuwa wanafuata hati ya kampuni moja ya simu. Wakabeba kompyuta na maandiko ya buku la mchezo lililokuwa linatayarishwa. Kampuni haikushtakiwa kosa lolote, lakini kazi ikaharibika. Jackson akaenda tribinali, na mwaka 1993 akashinda: zaidi ya dola 50.000 ya malipo. Mara ya kwanza hiyo, ni serikali iliyochukua mchezo kuwa hatari ya kweli.

Mara ya pili, ni watu kama sisi. Mwaka 1994 Jackson alitoa karata mpya za Illuminati, mamia ya picha. Moja inaonyesha minara miwili na mlipuko, ingine Pentagon inawaka. Kisha tarehe 11 mwezi wa 9, 2001. Mpaka leo picha zile zinatembea kwenye simu: «Angalieni, walijua!»

Mimi nilisomea agronomia, na kwetu hauwezi kusema mbolea imefanya kazi kama haukuacha parseli témoin, ile usiyotia kitu, ya kulinganisha. Sasa tufanye hivyo hapa. Mezani weka karata zote, siyo zile mbili tu. Ngapi hazikufanana na kitu chochote? Tena minara ile ilikwisha kupigwa bomu mwezi wa 2, 1993, kabla karata zitoke. Mchoraji hakuhitaji unabii, gazeti lilimtosha.

Mtu aliyecheza njama mezani anajua siri yake: kila kitu kinaungana ju kuko mtu anayeunga. Unamwona, ni msimulizi, amekaa pale mbele yako, na saa ine mutafunga karatasi na kurudi nyumbani. Uvumi hauna meza, msimulizi wake haonekani, na hauna saa ya kufunga. Sisi wa Kivu tunajua bei yake. Wakati wa Ebola, 2018 mpaka 2020, kulikuwa walioamini kama ugonjwa ni biashara tu, na kule Katwa na Butembo vituo vya matibabu vilishambuliwa.

Sisemi kila njama ni uongo. Historia yetu ina njama za kweli, na zinajulikana kwa sababu ya hati, mashahidi na tarehe. Ndiyo maana ukipata picha inayosema «walijua», uliza kwanza: karata zingine ziko wapi? Na nani amekaa kwenye kiti cha msimulizi?