Karatu na Ngorongoro: Maeneo ya Kutembelea kwa Macho ya Imani

Waamini wengi wa parokia za Karatu, katika Jimbo Katoliki la Mbulu, huyaona kila siku magari ya watalii yakipanda kuelekea lango la Ngorongoro, lakini wao wenyewe hawajawahi kuingia. Wageni huvuka bahari kuja kuona kilicho jirani na nyumba zetu. Katika makala hii tunaeleza maeneo makuu ambayo familia, jumuiya ndogo ndogo za Kikristo na vikundi vya vijana wanaweza kuyatembelea.

Kreta ya Ngorongoro

Kreta hii ilitokea zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita, mlima mkubwa wa volkano ulipobomoka na kudidimia. Kina chake ni kama mita 600, na sakafu yake ina kilometa za mraba zipatazo 260. Humo wanaishi faru weusi, tembo, simba, nyati na nyumbu. Upo pia msitu wa Lerai, na Ziwa Magadi wanakokusanyika heroe. Mwaka 1979 UNESCO iliiweka Ngorongoro katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Hifadhi ilipoanzishwa mwaka 1959, wafugaji, hasa Wamasai, waliruhusiwa kuendelea kuishi humo pamoja na wanyamapori. Tangu mwaka 2022 baadhi ya familia zimehamia Msomera, wilayani Handeni, na suala hilo limegusa mioyo ya wengi. Anayefurahia uzuri wa mahali hapa awakumbuke katika sala wote wanaopaita nyumbani.

Oldupai na Laetoli

Bonde la Oldupai limepata jina lake kutokana na mkonge wa porini, kwa lugha ya Kimasai. Hapo, tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey alivumbua fuvu la kale lililoitwa Zinjanthropus, lenye umri wa miaka ipatayo milioni 1.75. Huko Laetoli, mwaka 1978, timu yake ilikuta nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano, miaka ipatayo milioni 3.6 iliyopita. Nyayo zenyewe zimefukiwa ili zihifadhiwe; mfano wake huonekana katika makumbusho ya Oldupai.

Hapa ndipo vijana wetu huuliza: “Padre, kama haya ni kweli, Adamu na Eva wako wapi?” Tusiwanyamazishe, kwa maana kijana anayenyamazishwa hudhani kwamba Kanisa linaogopa ukweli. Papa Pius XII, katika waraka Humani Generis wa mwaka 1950, aliruhusu uchunguzi kuhusu asili ya mwili wa binadamu, akisisitiza kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Katekisimu, namba 283, inatambua kwamba utafiti wa namna hii umetajirisha ujuzi wetu na unatualika kuustaajabia zaidi ukuu wa Muumba. Kitabu cha Mwanzo kinatufundisha ni nani aliyetuumba na kwa nini. Wachimbaji wa Oldupai wanatafuta lini na kwa namna gani.

Ziwa Eyasi

Kusini-magharibi mwa mji wa Karatu, kupitia Mang'ola penye mashamba ya vitunguu, tunafika Ziwa Eyasi. Hapo wanaishi Wahadzabe, wanaotegemea kuwinda, asali, matunda na mizizi, na pia Wadatoga, wafugaji na wahunzi hodari. Hao si maonyesho. Tuwasalimu kwanza, tuombe ruhusa kabla ya kupiga picha, wala tusiwacheke. Kila mmoja wao amebeba sura ya Mungu sawasawa na sisi.

Mashauri kwa wasafiri

Raia wa Tanzania hulipa kiingilio cha chini kuliko wageni. Kila mmoja abebe kitambulisho. Kushuka kreta kunahitaji gari lenye nguvu ya magurudumu yote manne. Ukingoni kuna baridi kali, hasa mwezi Juni hadi Agosti, hivyo watoto wavalishwe masweta. Taka zote zirudi nyumbani.

Tunapendekeza safari ianze kwa Misa asubuhi, na wakiwa ukingoni wasafiri wasome Zaburi ya 8 kabla ya kushuka. Jioni, jumuiya ikae pamoja na kuwasikiliza watoto wakieleza walichokiona na maswali waliyorudi nayo.